PROGRAMU YA BURE IMEUZWA KWA WATOTO WETU



Muhula uliopita ndugu mmoja wa genge la njia aliingia ofisi ya tawi akiwa bado na buti za kazi na vumbi la kokoto. Alikuja kuomba shilingi 800 kutoka mfuko wa kusaidiana. Tulipomwuliza ni za nini, alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya shule ya sekondari ya kutwa anakosoma binti yake, nayo ilisema kwamba kila mzazi atalipa shilingi 800 kwa ajili ya "programu ya hesabu ya kompyuta", na mtoto ambaye mzazi wake hajalipa hataingia katika chumba cha kompyuta.

Tulimpa fedha hizo. Haifai mtoto wa mwanachama asimame nje ya mlango kwa sababu ya shilingi 800. Lakini karani wetu wa fedha ni mtu ambaye jambo likimkera halali, naye alimwomba ndugu yule amwambie binti aandike jina la programu hiyo. Baada ya siku chache jina lililetwa, limeandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya jalada la daftari: GeoGebra.

Ndugu, GeoGebra ni ya bure. Ni bure kwa mwanafunzi na ni bure kwa mwalimu. Mtu yeyote aweza kuichukua katika intaneti, akaiweka katika kompyuta ya shule, akampa jirani yake nakala, na jirani akampa jirani. Ruhusa yake imeandikwa wazi: unakili na ugawe upendavyo, ila usifanye biashara nayo. Mchuuzi mmoja alifika pale shuleni na diski yenye karatasi ya rangi juu yake, akaiuza kama mali yake. Mwalimu mkuu hakujua. Hatumlaumu sana kwa kutokujua, maana hata sisi hatukujua mpaka karani alipopeleleza. Tunamlaumu kwa kuwafungia watoto mlango kabla hajauliza mtu.

Wajumbe wawili wa tawi walikwenda kuzungumza naye. Aliwapokea vizuri. Wazazi ambao walikuwa hawajalipa waliambiwa wasilipe tena. Waliokwisha lipa hawajarudishiwa, kwa kuwa mchuuzi hapatikani katika simu aliyoiacha. Hivyo ndivyo mambo yalivyo hata leo tunapoandika.

Twaandika habari hii kwa sababu si ya shule moja. Tangu karani alipoanza kuuliza, wanachama wa matawi mengine wametuambia hadithi zinazofanana na hii, na bei zikibadilika kwa kadiri mchuuzi alivyoona nguo za mwalimu mkuu. Fedha hizi hutoka katika mshahara wetu. Lakini hata fedha si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba vyombo vizuri vya kufundishia hesabu vipo, havina bei, na watoto wetu hawavipati kwa sababu hakuna mtu aliyevibeba akavifikisha darasani.

Kwanza tueleze chombo chenyewe, maana wengi watauliza.

Mwaka 2001 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Salzburg, katika nchi ya Austria, jina lake Markus Hohenwarter, alitengeneza programu hii kama kazi yake ya kumalizia masomo. Alitaka geometria na aljebra zikae mahali pamoja, ndipo likatoka jina hilo. Ukichora duara upande mmoja wa kioo, upande wa pili hesabu yake inajiandika. Ukiibadilisha hesabu, duara nalo linasogea. Hakuiuza. Aliitoa kwa waalimu, na waalimu wa nchi nyingi wakaanza kuitafsiri katika lugha zao na kutengenezea masomo, kisha wakaweka masomo hayo mahali ambapo mwalimu mwingine aweza kuyachukua. Leo masomo hayo ni mengi kiasi kwamba shida ya mwalimu ni kuchagua tu.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tulisoma shule ya msingi ya misheni, na darasa la nane ndilo lililokuwa mwisho wa safari yetu kwa upande wa karo. Mwalimu wetu alichora duara kwa kamba na chaki. Kidole chake cha gumba kilishika kamba katikati ya ubao, na mkono wa pili ukazunguka. Lilikuwa duara zuri. Lakini lilikuwa moja tu, halikusogea. Alituambia jambo ni la kweli kwa maduara yote, nasi tukaamini kwa sababu yeye ndiye aliyesema, tena alikuwa na fimbo.

Sasa chukua jambo ambalo mtoto wa sekondari hufundishwa: ukichora kipenyo cha duara, ukaweka nukta popote juu ya ukingo, ukaunganisha nukta hiyo na ncha mbili za kipenyo, pembe inayopatikana pale kwenye nukta ni digrii 90. Katika ubao unaiona mara moja. Katika programu hii mtoto anaishika nukta kwa kidole au kwa kipanya, anaizungusha ukingoni, na pembe inabaki 90, 90, 90. Akiitoa nukta nje ya ukingo, pembe inapungua. Akiingiza ndani, inazidi. Hapo mtoto huanza kuuliza mwenyewe kwa nini, na mtoto anayeuliza kwa nini amekwisha kuingia katika hesabu. Mwalimu huja hapo na ubao wake na kumwonyesha sababu.

Tutoe mfano wa kazi yetu, maana huu ndio uliotufanya sisi tuketi mbele ya kompyuta ya ofisi mpaka mlinzi akaja kutuuliza kama tunalala humo.

Kila mfanyi kazi wa reli ameona au amesikia habari ya chati ya kontrola. Upande mmoja zimepangwa stesheni kwa umbali wake, upande mwingine saa. Kila treni ni mstari unaopanda au kushuka kwa mshazari. Treni ya mwendo mkali mstari wake umesimama zaidi, treni ya mizigo mstari wake umelala. Treni ikisimama stesheni, mstari unakwenda sawa bila kupanda wala kushuka, kwa sababu saa zinapita na umbali haubadiliki. Na kwa kuwa njia ni moja, mistari ya treni zinazokabiliana lazima ikatane penye stesheni yenye njia ya kupishania. Ikikatana katikati ya stesheni mbili, mwenye kupanga amekosa, na afute kabla treni hazijaondoka.

Basi tuliiweka chati hiyo katika GeoGebra. Tulichukua stesheni mbili, A na B, kilomita 60 kati yake, na njia ya kupishania katikati kabisa, penye kilomita 30. Treni moja inatoka A kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Nyingine inatoka B wakati ule ule kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Mistari ilikatana baada ya dakika 36, penye kilomita 36 kutoka A. Pale hapana njia ya kupishania. Ni porini. Kwa hiyo treni ya A, inayofika kilomita 30 baada ya nusu saa, lazima isimame hapo dakika 15 kungoja ile ya B, inayofika baada ya dakika 45.

Kisha tukaweka kidude kinachosukumwa kushoto na kulia ili kubadili saa ya kuondoka ya treni ya B. Tulipokisukuma ili itoke dakika 15 mapema, mistari ikatelezeana kwenye kioo mpaka ikakutana sawasawa penye kilomita 30, na hakuna treni iliyongoja. Ndugu mmoja wa kuongoza ishara, mwenye miaka zaidi ya 20 kazini, alikitazama kidude kile akakisukuma yeye mwenyewe mara tatu. Akasema, "Kumbe hii ndiyo kazi yangu." Tulimwambia kwamba ni hesabu ya kidato cha pili. Hakupendezwa na maneno hayo, lakini aliendelea kusukuma.

Somo hilo tumeliweka akiba. Mwalimu yeyote anayelitaka atapewa. Vile vile tumetengeneza la mwinuko: reli inayopanda 1 kwa 50, yaani mita 20 katika kila kilomita, ina pembe ya kama digrii 1.15 tu, na ukiichora kwa vipimo vyake vya kweli jicho huona ni tambarare. Waulize madereva wa treni za mizigo kama ni tambarare. Mtoto akiona hivyo ataelewa tanjenti ni kitu gani na kwa nini watu waliihitaji.

GeoGebra haiko peke yake. Kuna Calc, iliyo ndani ya LibreOffice, kwa kazi za jedwali, grafu na takwimu. Kwa mtoto anayejifunza wastani na riba, Calc yatosha kabisa, na mzazi naye aweza kuitumia kuhesabu mkopo wa ushirika ajue anakatwa kiasi gani. Kuna Kolibri, ambayo ilitolewa mwaka 2017 kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Kompyuta moja hubeba masomo na mazoezi, ikawa kama stesheni kuu, na tableti na simu zilizomo chumbani huungana nayo kwa hewani bila kutumia bando hata shilingi moja.

Kuna pia Maxima, inayofanya aljebra kwa herufi kama mwalimu afanyavyo. Hii ina historia ambayo twaipenda. Ilizaliwa kutokana na kazi iliyoanza katika chuo cha MIT huko Marekani miaka ya mwisho ya 1960. Baadaye mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Texas, William Schelter, aliitunza na kuitengeneza tangu mwaka 1982, miaka mingi, na mwaka 1998 akapata ruhusa ya kuitoa kwa watu wote. Alifariki mwaka 2001. Programu haikufa naye, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuwa mikononi mwa wengi, nao wanaiendeleza mpaka leo.

Hapa hapana budi tueleze tofauti moja, ingawa wengine wataona ni maneno ya wanasheria. Kuna kitu cha bure na kuna kitu kilicho huru. Maxima, Calc na Kolibri ni huru: ruhusa zake zasema waweza kuzitumia, kuzinakili, kuzifungua ndani uone zilivyotengenezwa, hata kuzirekebisha. Hakuna mtu awezaye kuja kesho na kukunyang'anya nakala uliyo nayo. GeoGebra ni bure kwa masomo, lakini ina mwenyewe. Mwaka 2021 ilinunuliwa na kampuni ya Byju's ya India, na mwaka 2024 kampuni hiyo ikaingia katika mashauri ya kufilisika. GeoGebra imeendelea kupatikana bure. Hatusemi ina hatari. Twasema tu kwamba mtu mwenye busara huweka nakala ya programu na ya masomo yake katika kabati lake mwenyewe, hangoji kuitafuta siku mlango utakapokuwa umefungwa. Ndiyo sababu tunataka flashi, si anwani ya intaneti iliyoandikwa kwenye karatasi.

Sasa tujibu wanaopinga, maana mkutano wa tawi uliopita ulikuwa na kelele.

Ndugu mmoja alisema kwamba shule ni kazi ya Serikali na chama ni cha mishahara na masaa ya kazi. Tunakubali nusu. Serikali ilipoanza kugawa tableti mwaka 2016 ilizigawa shule za msingi, kwa watoto wa darasa la kwanza, na sisi tuliona ni vema. Watoto wa sekondari hawakuwamo. Je, tungoje? Hatuombi Serikali iache kazi yake. Barua ya kuikumbusha imekwisha kuandikwa. Lakini kunakili programu katika flashi ni kazi ya dakika chache, na hakuna sheria inayosema dakika hizo ni za Waziri.

Mwingine alisema cha bure ni hafifu. Huyu tunamwuliza, maji ya mvua ni hafifu? Katika kazi yetu wenyewe, fundi mkongwe humfundisha kijana kusikiliza gurudumu kwa nyundo bila kumtoza, na gurudumu bovu hugunduliwa. Wapo waalimu wa vyuo vikuu Ulaya wanaotumia programu hizi hizi kila siku. Tena spana uliyomwazima mwenzio haimo tena katika sanduku lako mpaka airudishe. Programu ukimpa mwenzio unabaki nayo. Mwalimu wa shule ya mjini akitengeneza somo zuri la grafu, akampa mwalimu wa shule iliyo karibu na stesheni ndogo huko bara, darasa lake halipungukiwi kitu.

Neno la tatu lilitoka kwa mwanamama wa idara ya tiketi, nalo lilikuwa zito kuliko yote. Alisema kwamba katika mtihani wa KCSE mtoto haruhusiwi kompyuta. Ana kalamu, ana kikokotoo kisichopangwa na kisichopiga kelele, ana vitabu vya majedwali ya baraza la mitihani. Mtoto aliyezoea kubonyeza atafanya nini siku hiyo? Ni kweli. Tumeona wenyewe watoto wanaosukuma kidude na kucheka, kisha hawawezi kuandika mstari mmoja wa hesabu. Kwa hiyo twasema programu itumike kuonyesha jambo, si kufanya jibu. Dakika 20 mbele ya kioo, kisha kioo kizimwe na madaftari yafunguliwe. Na mahali pasipo mwalimu wa hesabu, programu haitakuwa mwalimu. Yule mama alikubali, lakini alituambia tuandike maneno hayo katika ukurasa huu, nasi tumeandika.

Kwa nini twaharakisha? Ni kwa sababu ya jambo lililotokea mwaka 2025. Ilisemwa kwanza kwamba katika shule za juu za mtaala mpya hesabu haitakuwa lazima kwa kila mwanafunzi. Wazazi na waalimu walilalamika, na mwezi wa Aprili mwaka ule Serikali ikabadili shauri: kila mtoto atasoma hesabu, lakini za aina mbili. Wanaofuata njia ya sayansi na ufundi watasoma hesabu kamili, na wengine watasoma hesabu nyepesi zaidi. Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala huo waliingia Gredi ya 10.

Hatuna ugomvi na mtoto anayechagua muziki au lugha kwa kupenda kwake. Twahofia yule asiyechagua. Mtoto wa mfanyi kazi, katika shule ya kutwa yenye mwalimu mmoja wa hesabu kwa madarasa mengi, ataambiwa mapema kwamba kichwa chake ni cha hesabu nyepesi. Ataamini, kama sisi tulivyoamini. Kisha atakuja kuomba nafasi ya ufundi wa injini, au wa umeme, au wa ishara, naye ataulizwa cheti cha hesabu. Treni za njia mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi haziendeshwi kwa mgongo na koleo. Anayetazama kioo cha mitambo ile na kuelewa ndiye anayelipwa. Tusipowafungulia watoto mlango huo sasa, miaka 10 ijayo tutakuwa katika meza ya mashauriano tukitetea nafasi ambazo watoto wetu hawawezi kuzijaza.

Katika shule moja tunayoijua ziko kompyuta kumi ndani ya chumba chenye kufuli. Vifuniko vya nguo vimeshonwa vizuri, vimefuliwa. Mwalimu mkuu anaogopa zitaharibika. Tulipomwambia kwamba zitaharibika hata zikikaa, alicheka akasema tumwandikie. Tumemwandikia.

Halmashauri ya tawi imekubali mambo yafuatayo, na mkutano wa wanachama utayapitisha au kuyakataa.

Tawi litanunua flashi 20, kila moja chini ya shilingi 1,000, kutoka fungu la elimu, si kutoka mfuko wa kusaidiana. Mfuko ule ni wa misiba na magonjwa na hatutaugusa. Ndani ya kila flashi kutakuwa na GeoGebra, pamoja na lile toleo la zamani liitwalo Classic 5 kwa ajili ya kompyuta kuukuu, na Calc, na Maxima, na Kolibri yenye masomo ya hesabu, na masomo mawili ya reli tuliyoyaeleza. Kutakuwa na karatasi moja ya Kiswahili kwa mzazi inayosema vitu hivi havina bei, na moja ya Kiingereza kwa mwalimu, kwa kuwa ndiyo lugha anayofundishia hesabu, inayosema namna ya kuviweka katika kompyuta.

Mwanachama atakayechukua flashi ataipeleka shule ya mtoto wake yeye mwenyewe. Asimpe mtoto aibebe. Amwone mwalimu wa hesabu kwanza, kisha mwalimu mkuu, kwa heshima na kwa saa ambayo hawafundishi. Aseme ametumwa na chama. Akiisha kunakiliwa aichukue flashi na kuirudisha ofisini ili iende shule nyingine. Jina la shule litaandikwa katika kitabu. Akiombwa fedha yoyote na mtu yeyote kwa ajili ya programu hizi, asibishane, aandike jina la anayeomba na kiasi, alete kwetu.

Wasio na kompyuta shuleni wasikate tamaa. Simu za kisasa tulizo nazo wengi wetu zinaichukua GeoGebra, na ikiisha kuingia hufanya kazi bila intaneti. Mtoto aweza kuitumia jioni nyumbani, ikiwa baba ataiachia simu wakati wa mpira. Hilo tunajua ni gumu.

Tunahitaji pia watu. Kijana wa ofisi ya malipo amejitolea kukaa ofisini kila Jumamosi alasiri kuwaonyesha wazazi na waalimu. Yeye peke yake hatoshi. Kama una mtoto aliyemaliza kidato cha nne na anangoja nyumbani, mlete. Mwenye laptopu ya zamani asiyoitumia, hata ikiwa betri imekufa, tunaiomba, mafundi wa umeme wamesema wataitazama. Na mwalimu yeyote aliye jamaa ya mwanachama, aliyetengeneza somo la hesabu katika programu hizi, atuletee nakala nasi tutaiweka katika flashi zote pamoja na jina lake.

Mkutano ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana, katika ukumbi wa landi. Ndugu wa genge aliyeanzisha habari hii atakuwapo pamoja na binti yake, naye binti amekubali kutuonyesha zile treni mbili kwenye kioo. Njooni na vikokotoo, maana amesema atawauliza maswali.